Usilidharau Shimo la Mtaani

Lami ina wasemaji wengi: wagombea, makandarasi, mabango. Shimo la barabarani halina hata mmoja. Hiyo si haki popote, na Mpanda ndiyo kabisa, kwa kuwa mji huu ni mtoto wa shimo. Ulikuzwa na mgodi wa madini ya risasi, na reli ya kutoka Kaliua ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 ili kusomba kilichochimbwa humo. Mgodi ulifungwa, reli ikabaki, na mwaka 2012 Mpanda ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi. Mji wa namna hii ukiyaonea aibu mashimo yake, unamkana mama mbele ya wageni.

Sifa ya kwanza ya shimo ni kwamba linaujua mpaka kati ya barabara na mtaa. Kiswahili kiliuchora zamani: barabara hupitwa, mtaa hukaliwa, ndiyo maana mtaa una mwenyekiti na barabara haina. Mtaa huharibika siku unapogeuzwa barabara, na shimo ndilo mlinzi wake. Sheria humruhusu dereva kwenda kilomita 50 kwa saa penye makazi. Shimo humruhusu kumi, tena halili rushwa wala haliendi likizo. Bodaboda anayelikuta kata ya Makanyagio au Nsemulwa hupunguza gia, na akishapunguza huwaona watoto, husalimiwa na muuza maandazi, huitikia. Februari 2020 mataifa yalikutana Stockholm yakaazimia kwamba mahali magari na waenda kwa miguu wanapochanganyika mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Mashimo yetu yalishalitekeleza azimio hilo bila posho ya kikao. Na si usalama tu. Mtafiti Donald Appleyard alipolinganisha mitaa ya San Francisco, aliona kwamba wakazi wa mtaa wenye magari machache walikuwa na wastani wa marafiki watatu kila mmoja mtaani mwao. Kwenye mtaa wa magari mengi, hata mmoja hakutimia.

Watasema mvua zikianza Novemba shimo hugeuka dimbwi. Ni kweli, lakini katika Hifadhi ya Katavi viboko hubanana kwenye tope la Mto Katuma wakati wa kiangazi, na watalii huvuka bahari wakalipa dola ili kuwatazama. Mpanda mjini tope ni la bure, na badala ya kiboko kuna bajaji. Watasema pia dimbwi huzaa mbu, na kwamba pikipiki inayokwepa shimo huingia upande wa mwenzake. Hapo wakili wa shimo huanza kukohoa. Likija lile la mama mjamzito anayekimbizwa hospitali usiku, hukaa chini kabisa, kwa sababu shimo halichagui: humchelewesha mlevi wa spidi, na gari la wagonjwa pia. Mlinzi anayempiga mwizi na mwenye nyumba kwa rungu lilelile hafai kuongezewa mkataba.

Lakini hata mlinzi mbaya akifukuzwa, lindo halipaswi kubaki tupu. Kilichosifiwa hapa ni ule mwendo wa pole ambao shimo lilitupa bila kukusudia. Mtaa ukitandikwa lami na kuachwa hivyo hivyo, watoto huitwa ndani na wauza maandazi husogezwa. Vumbi limeondoka, na mtaa umeondoka nalo. Basi siku watu wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, watakapofika mtaani kwenu na greda, msishangilie tu. Simameni kwenye mkutano wa mtaa mdai lami, matuta, njia ya waenda kwa miguu na miembe ya kivuli kwa pamoja, tena kabla mkandarasi hajalipwa. Shimo lizikwe, lakini kazi yake irithiwe.