Kopo Juu ya Tangi

Ukiwa na kopo la maziwa ya unga, tundu la ncha ya sindano na karatasi ya picha za nyeusi na nyeupe, unaweza kulipiga jua picha miezi sita mfululizo bila betri. Kila siku likipita linachora mstari wake. Wewe kazi yako ni kulielekeza kopo mashariki na kuliacha. Kuliacha ndiko kugumu, hasa kama umepanga Dar es Salaam.

Regina Valkenborgh alifunga kopo la bia kwenye kituo cha kutazamia nyota cha Bayfordbury, Uingereza, mwaka 2012. Likasahaulika hadi 2020, likakutwa na mistari 2,953. Miaka minane hakuna aliyeliuliza! Uswahilini kwetu kopo halisahauliki. Langu nililipandisha kwenye mnara wa tangi mwezi Desemba, na magharibi haijaingia mama mwenye nyumba ameshaniita.

"Mwanangu, lile ni la kuniibia umeme?"

"Hapana mama, linapiga picha jua."

"Miezi yote hiyo? Si jua lilelile la jana?"

Nikamweleza: Desemba hupita kusini mwetu, mwanzoni mwa Machi liko utosini, Juni limeshahamia kaskazini. Akaguna. Kuhama bila kuaga, akasema, ameshakuzoea kwa wapangaji.

Jirani wa chumba cha uani, yule anayerudi alfajiri viatu mkononi, alinivuta pembeni. "Kaka, na mtu akipita, anatoka?" Nikamtoa hofu: karatasi ile ni nzito kunasa mwanga, hata usimame saa nzima huachi alama. Akajiteua mlinzi wa kopo. Waokota vyuma chakavu walipolinyemelea alfajiri moja, ni yeye aliyewatimua, maana ndiye pekee aliyekuwa macho. Kelele zikamwamsha shemeji. Kesi hiyo bado inaendelea.

Masika yaliacha mapengo, hiyo ni haki yake. Juni nikalifungua. Karatasi hii haisafishwi kwa dawa za studio; unaipiga skani hivyohivyo, kisha kompyuta inageuza cheusi kuwa cheupe. Yakatoka majua mawili, kila moja na mawio yake. Kumbe mama mwenye nyumba alilizungusha kopo katikati ya safari, kwa kuwa lilikuwa likitazama dirisha lake.

Nimempelekea picha. Ameivalia miwani, akaikagua pembe hadi pembe, akaamua: jua la kushoto ni la mpangaji, la kulia ni la mwenye nyumba, na la kwake limetoka vizuri zaidi.