Jinsi ya Kujenga Tangi la Maji Lisiloshika Maji

Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye akili timamu, kipato cha kueleweka na bomba la jikoni linalovuja tangu mfungo uliopita. Bomba liache. Fundi atakuja, au hatakuja. Wewe una jambo zito zaidi: unataka kujenga tangi la mbao la kunyweshea treni za mvuke, dogo kiasi cha kukaa kiganjani, na ukishalimaliza kwa ustadi wote uanze kulichora uvujaji kwa brashi.

Tangi lenyewe ni la Marekani, kwa kuwa huko uchongaji wa reli za mfano una wafuasi wengi, na huko ndiko reli zilikotumia matangi ya mbao kwa wingi. Chukua la milimani. Kati ya Antonito, Colorado, na Chama, New Mexico, ipo reli ya kilomita 103 iliyojengwa mwaka 1880, upana wake futi 3 tu, inayopanda hadi Cumbres, mita 3,053 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 1970 majimbo hayo mawili yaliinunua ili ising'olewe, na hadi leo treni za mvuke zinapandisha watalii huko. Tangi la Chama bado limesimama, na lina midomo miwili ya kumimina maji. La kwako usilipachike jina la Voi wala Tabora. Matangi mengi ya reli za kwetu ni ya chuma, na mzee yeyote aliyestaafu reli atakuumbua mbele za watu.

Hatua ya kwanza: nunua vijiti kwa bei ya samani

Kwa pesa utakayolipa, seremala wa mtaani kwako angekutengenezea stuli, tena ya kukalia mtu. Usiseme bei nyumbani. Ndani ya boksi utakalouziwa mna fito za basswood, mti laini wenye nyuzi zilizosongamana, mbao nyembamba zilizokatwa kwa leza, waya kidogo, vipande vya madini laini meupe na kijitabu cha maelekezo. Tangi hamna. Tangi liko kwenye picha ya kifuniko.

Usinung'unike, huo ndio utamaduni. George Sellios wa Massachusetts alianzisha Fine Scale Miniatures mwaka 1967, na maboksi yake yakawafundisha watu wazima kushukuru kwa kuuziwa kazi ambayo haijafanywa. Siku hizi kanuni ni moja: kadiri boksi linavyokuachia taabu nyingi, ndivyo linavyoheshimika.

Hatua ya pili: kubali kupungua

Kipimo kinachopendwa zaidi huitwa HO, yaani 1 kwa 87. Reli ya SGR, ile ya Dar es Salaam hadi Dodoma au ya Mombasa hadi Nairobi, ina upana wa milimita 1435. Kwa kipimo hiki inabaki milimita 16.5. Mtu wa mita 1.75 anakuwa wa milimita 20. Tangi la kawaida la futi 24 kwa 16, lililobeba takriban lita 190,000, linashuka hadi ujazo wa chupa ya soda ya mililita 300.

Sasa geuza hesabu uone balaa lake. Rangi yenye unene wa milimita 0.1, ambayo kwa macho yako ni nyepesi, kwa yule bwana wa milimita 20 ni plasta ya karibu milimita 9. Kuna kigurudumu chenye meno kinachouzwa mahususi kwa kutoboa alama za misumari. Tundu lake la milimita 0.3 likikuzwa mara 87 linafika milimita 26; msumari wa namna hiyo haukushika ubao, ulishika daraja. Msumari halisi, kwa kipimo hiki, usingeonekana kabisa. Toboa hata hivyo. Wenzako wote wanatoboa, na tangi lisilo na misumari litadhaniwa limeshikiliwa kwa dua.

Hatua ya tatu: paka kabla ya kujenga

Mtu wa kawaida hujenga kwanza, akapaka rangi baadaye. Wewe si mtu wa kawaida tena. Gundi ikiingia kwenye nyuzi za mbao huziba, na mahali hapo hapatakunywa rangi kamwe. Patabaki na baka jeupe litakalokutazama maisha yako yote. Kwa hiyo mbao zote zipakwe zikiwa bado fito.

Dawa yake ni matone machache ya wino mweusi ndani ya spiriti. Spiriti hukauka upesi na haipindishi mbao kama maji. Piga msasa kwanza kwenye kingo zilizoungua kwa leza, la sivyo kila ubao utaonekana umeokolewa motoni. Kisha paka pande zote mbili, hata ule usioonekana, maana ubao ulionyweshwa upande mmoja hujikunja. Baadhi ya fito zichovye kidogo, nyingine zikae zaidi, ili zisifanane. Mbao kuukuu zinazofanana rangi hazipo duniani.

Kazi hii hufanyika kwenye meza ya kulia chakula. Jiandae kwa mahojiano.

"Baba Asha, huo wino utatoka?"

"Utatoka, Mama Asha."

Hautatoka.

Hatua ya nne: simamisha miguu

Nguzo za tangi halisi zilikuwa magogo yaliyochongwa ya sentimita 30 kila upande. Za kwako ni milimita 3.5. Zisimamishe kwa skwea ya chuma na uziache zikauke. Gundi nyeupe ya mbao iwe tone dogo kwenye ncha ya kijiti cha meno, kwani gundi inayobubujika kwenye kiungo ikikauka hung'aa, na hakuna nguzo ya reli iliyowahi kung'aa kwenye magoti.

Sasa utakutana na kibano. Kibano ni chombo cha kushikia kipande kidogo kwa muda kabla ya kukifyatua kusikojulikana. Kikishafyatuka, piga marufuku ufagio nyumba nzima, lala kifudifudi na tochi, tazama sakafu kwa pembe ya chini ili vivuli vikusaidie. Utakuta vipande vitatu ulivyovipoteza kwenye jengo lililopita. Hicho unachokitafuta kitaonekana siku utakapokuwa umeshachonga cha kufidia.

Hatua ya tano: pete, mahali ambapo waongo hukamatwa

Hapa ndipo wengi huaibika, kwa hiyo vuta kiti karibu. Tangi la mbao ni mbao zilizosimamishwa wima kwa duara na kubanwa kwa pete za chuma. Anayeanza huzipanga pete kwa nafasi sawa, kwa sababu inapendeza. Amejenga pipa la mapambo. Shinikizo la maji huongezeka kadiri unavyoshuka: karibu na ukingo wa juu mbao hazisukumwi na kitu cha maana, wakati kule chini zinahimili kimo chote cha maji, karibu mita 5. Fundi wa reli alilijua hilo, akazisonga pete chini na kuziachanisha kadiri alivyopanda. Kila pete hukazwa kwa kishikizo chenye nati, na vishikizo hivyo hupishana kuzunguka tangi badala ya kupangwa mstari mmoja.

Ukishamaliza pete, njoo kwenye kipima maji. Nje ya tangi husimama ubao wenye alama na kishale kinachoning'inia kwa kamba. Kamba hupita kwenye kapi na kushuka ndani hadi kwenye boya. Maji yakipanda boya hupanda, kishale kikashuka. Kwa hiyo kishale kikiwa chini, tangi limejaa. Wengi hukibandika juu kabisa kwa furaha, wakidhani wametangaza neema, kumbe wametangaza ukame, na dereva anayepandisha Cumbres angelia machozi.

Chini ya tangi, katikati ya nguzo, weka kisanduku kirefu cha mbao kinachofunika bomba la kupandishia maji. Katika nchi ya theluji bomba lililo wazi huganda, basi walilizungushia kisanduku na kukijaza unga wa mbao. Wageni wako watadhani ni choo. Waache; ukianza kueleza hawatarudi.

Hatua ya sita: paa

Paa ni koni bapa iliyoezekwa vigae vya mbao, na kwenye boksi vigae hivyo huja kama mikanda ya karatasi yenye gundi. Mtu wa Pwani hahitaji somo hapa: anza kwenye upenu ukipanda juu, kila safu ifunike kichwa cha iliyotangulia, kama makuti. Anayeanza juu akishuka ameezeka njia ya maji kuingia ndani. Kwa tangi la maji hilo lingeweza kutetewa, ila si mbele ya mtu anayejua.

Hatua ya saba: kuzeesha

Sasa una tangi safi, imara, lililonyooka. Halifai. Hakuna atakayelisifu mpaka lionekane limesahauliwa na wizara.

Aliyewazoesha watu ugonjwa huu ni John Allen wa Monterey, California, aliyejenga reli ya mfano iliyoitwa Gorre & Daphetid. Wakati wengi wakiringa kwa mabehewa yanayong'aa, yeye aliyapaka ya kwake vumbi, masizi na kutu. Huyo huyo aliweka kwenye reli yake dinosau aitwaye Emma wa kuvuta mabehewa, na watu wakamwamini hata hapo, kwa sababu vumbi lilikuwa mahali pake. Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukaiteketeza reli yake karibu yote. Picha zake ndizo zilizobaki kuwafundisha watu namna ya kuchafua.

Kuchafua nako kuna adabu zake. Fuata maji. Tangi jipya la mbao huvuja, kisha mbao hunywa maji, huvimba na kuziba zenyewe. Likiachwa tupu hukauka, husinyaa na kuvuja tena. Kwa hiyo uvujaji huanzia kwenye maungio ya mbao, zaidi sehemu ya chini, na kushuka kama michirizi. Katikati ya ubao mzima hauwezi kuanza. Michirizi ya zamani huacha ukoga mweupe wa madini, na ile mibichi huufanya ubao kuwa mweusi.

Ukungu wa kijani una upande wake pia. Sisi tunaokaa jirani na ikweta jua hutupiga huku nusu ya mwaka na kule nusu nyingine, lakini Colorado iko mbali kaskazini, na jua la huko huelemea kusini mwaka mzima. Ukungu, basi, upake upande wa kaskazini penye kivuli. Jambo hili lina gharama: lazima kwanza uamue kwenye meza yako kaskazini ni wapi, na meza yako imesukumwa kwenye kona mara ngapi tangu wakwe waje, unajua mwenyewe.

Kutu hutoka kwenye chuma na kushuka. Haipepei, hairuki, haipandi. Weka doa dogo la rangi ya chungwa kwenye kishikizo cha pete, uikokote chini kwa brashi iliyofutwa ikabaki karibu kavu, kisha izimishe kwa hudhurungi iliyokolea, maana kutu ya siku nyingi si ya chungwa. Masizi yawe upande wa njia ya reli, juu ya pale chombo cha mvuke kinaposimama kunywa. Chini ya mdomo wa kumiminia weka tope na majani mabichi, hata kama pengine pote ni ukame. Vumbi ni chaki iliyokwanguliwa kwa wembe na kupakwa kwa brashi laini. Usipige chafya.

Hatua ya nane: vikorombwezo

Ngazi, ndoo, pipa, koleo lililoegemezwa, paka juu ya paa, mbwa aliyeinua mguu kwenye nguzo. Vyote vinauzwa, na vyote utavitaka. Weka viwili. Yule bwana wa milimita 20 mpe kazi: avute kamba ya kushusha mdomo wa maji. Ukimsimamisha tu mikono mfukoni ataonekana anasubiri mshahara, na huo ni uhalisia ambao hukuombwa.

Hatua ya tisa: hukumu

Wamarekani wana chama cha wachongaji wa reli za mfano, NMRA, kilichoanzishwa Milwaukee mwaka 1935, na chama hicho hutoa alama kwa utaratibu ambao baraza la mitihani lingeuonea wivu. Jumla ni 125: ujenzi 40, vikorombwezo 20, ulinganifu na kitu halisi 25, rangi na maandishi 25, na 15 kwa ulichochonga mwenyewe bila kununua. Anayetaka cheti cha ufundi wa majengo lazima awe na majengo 12, na 6 kati yake yawe yamefikia alama 87.5. Maana yake ni kwamba baada ya tangi hili yamebaki 11, na meza ya chakula ni moja.

Angalia mgawo huo vizuri. Ulinganifu una alama nyingi kuliko vikorombwezo: paka wa juu ya paa hawezi kumwokoa aliyepanga pete kwa nafasi sawa. Kuchakaa ambako hakuna kilichokusababisha ni uchafu tu, na uchafu kila mtu anao nyumbani bure. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kuchovya brashi taja kwa sauti kila doa limetoka wapi: ni maji, ni jua, ni moshi, au ni chuma. Doa usiloweza kulieleza, usilipake.