Barua ya Wazi kwa Wasomi wa Sheria

Kwa: Wahadhiri wa sheria na wahariri wa majarida yao, Kenya
MINTARAFU: Mwenye Katiba asiyealikwa

Taaluma ya sheria nchini Kenya ina fadhila moja isiyokanushika: humpenda mwananchi kwa dhati, hasa akiwa hayupo. Katika makala zake mwananchi huyo huitwa Wanjiku, jina lililovuma miaka ya 1990, pale Rais Moi anaposimuliwa kuuliza Wanjiku anajua nini kuhusu katiba. Wasomi walimwonea uchungu, wakampandisha cheo. Leo ndiye mwenye mamlaka asilia ya kuunda katiba, kwa mujibu wa tanbihi.

Ushahidi bora ni mswada wa kurekebisha Katiba wa BBI (Building Bridges Initiative), tunda la salamu za mkono za Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, na mpinzani wake Raila Odinga mnamo Machi 2018. Ulitaka, pamoja na mengine, kuongeza maeneo bunge 70. Kwa marekebisho yanayoanzishwa na wananchi, Katiba ya 2010 inadai angalau sahihi milioni 1 za wapigakura; zikapatikana. Lakini Mei 13, 2021 majaji watano wa Mahakama Kuu waliuzima: muundo msingi wa Katiba haubadilishwi mpaka umma uelimishwe, ushirikishwe, bunge maalum la katiba lijadili, ndipo kura ya maoni ipigwe.

Nadharia hiyo ya muundo msingi imetembea. Mwaka 1965 Dieter Conrad, msomi Mjerumani, alitoa mhadhara huko Banaras, India, akitahadharisha kwamba mamlaka ya kurekebisha katiba yana mipaka. Mwaka 1973, katika kesi ya Kesavananda Bharati, Mahakama ya Juu ya India iliikubali hoja ya namna hiyo kwa majaji 7 dhidi ya 6. Baadaye ikatua Nairobi, na kesi ilipokatiwa rufaa ikasindikizwa na marafiki wa mahakama, wengine wao maprofesa wa ng'ambo. Hoja iliyovuka mabara mawili inastahili pongezi. Kilichoishinda ni kupanda matatu kutoka kampasi ya sheria ya Parklands hadi soko la Gikomba.

Machi 31, 2022 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema nadharia hiyo haina nafasi nchini, ila mswada ukabaki umekufa, kwa kuwa Rais hana ruhusa ya kuanzisha marekebisho kupitia njia waliyotengewa wananchi. Kwa majarida hiyo ilikuwa neema. Makala zikaandikwa kumjibu mwandishi aliyemjibu mwandishi mwingine, Wanjiku akitajwa katika utangulizi na kukumbukwa katika hitimisho.

Kisha ukaja Mswada wa Fedha wa 2024. Vijana, wengi wao hawajawahi kuona tanbihi, waliuchambua kifungu kwa kifungu, wakaufasiri kwa lugha za nyumbani na kueleza ushuru wa mkate katika video za simu. Wanjiku akaelewa. Juni 25 waandamanaji waliingia bungeni, wengine wakapigwa risasi na kufa. Siku iliyofuata Rais Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi. Uchambuzi wa kitaaluma wa matukio hayo bila shaka utakamilika wahakiki wakirudi likizo.

Ombi ni dogo. Kila makala inayomtaja Wanjiku iambatane na kurasa mbili za Kiswahili, ambacho Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua kuwa lugha ya taifa, pasipo tanbihi hata moja. Zisomwe Gikomba kwa sauti, na Wanjiku asipoelewa, anayerudia mtihani ni mwandishi.