Safu ya Ushauri: Wufa Inayotikisa Mabati ya Liboi

Barua iliyoifikia safu hii kutoka Liboi, mji wa mpakani ambako barabara ya A3 itokayo Thika na kupitia Garissa huishia, ina mistari minne tu, na kwa ufupi yaeleza kwamba muulizaji amenunua Eastleigh seti ya spika tano zisizo na waya pamoja na wufa, ameifunga sebuleni, na sasa mabati ya paa yanatetema, maneno ya waigizaji hayasikiki, na spika za nyuma hukatika kila wageni wanapoketi. Muulizaji anastahili pongezi kwa kuomba msaada mahali panapofaa, kwa kuwa Mshauri wa safu hii ndiye mtu pekee, kati ya Mto Tana na mpaka, awezaye kutambua kwa sikio moja kwamba spika imesogea sentimita kumi kutoka mahali pake, na sikio lenyewe si lile lake zuri.

Sauti ya mzunguko, yaani sauti inayomfikia msikilizaji kutoka mbele, kando na nyuma kwa pamoja, si jambo geni. Kampuni ya Walt Disney iliijaribu katika filamu ya Fantasia mwaka 1940, kwa mitambo mikubwa na ghali iliyofungwa katika kumbi chache tu, na wachunguzi wote wa suala hili, ambao ni Mshauri na shemeji yake, wanakubaliana kwamba mradi ule ulikwama kwa sababu Mshauri alikuwa hajazaliwa. Seti ya siku hizi huitwa 5.1, ambapo tano ni idadi ya spika za kawaida, na moja iliyo baada ya nukta ni wufa, spika ya besi, iliyonyimwa namba kamili kwa kuwa njia yake ya pekee hubeba sauti nzito tu, zilizo chini ya hezi 120 hivi. Wufa, kwa hiyo, ni sehemu ya kumi ya spika inayojiona kuwa baraza zima la wazee.

Neno “isiyo na waya” lisimhadae mtu, kwani kila spika bado yahitaji waya wa umeme, na wanaotumia inveta ya sola ya bei ya chini wasishangae wakisikia mvumo wa nyuki ndani ya filamu isiyo na nyuki. Kilichoondolewa ni waya wa sauti, ambao nafasi yake imechukuliwa na mawimbi ya redio, mara nyingi ya gigahezi 2.4, masafa yaleyale yanayogombaniwa na Wi-Fi, Bluetooth na oveni ya maikrowevu. Mawimbi haya hunyonywa na maji, na kwa kuwa mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji, mgeni aketiye kati ya kitoa mawimbi na spika ya nyuma ni, kitaalamu, mtungi uliovalishwa kikoi. Pendekezo la kwanza la Mshauri, la kuwataka wageni wafike wakiwa na kiu, limeondolewa baada ya kubainika kwamba kwa joto la Liboi wao hufika na kiu tayari. Badala yake spika za nyuma ziinuliwe sentimita 30 hadi 60 juu ya masikio ya walioketi, na pasiwe na ukuta wa bati katikati, kwani chuma huyarudisha mawimbi yalikotoka.

Kuhusu umbali, kamba ya kufungia ngamia hutosha: ishikiliwe kitini, izungushwe, na kila spika iwekwe mwisho wake, zile mbili za mbele zikiwa nyuzi 30 kushoto na kulia kwa spika ya katikati, na za nyuma zikifika nyuzi 110 hivi. Mshauri aliwahi kuandaa nadharia nzima kwamba Liboi yahitaji vipimo vyake, kwa sababu sauti husafiri mita 343 kwa sekunde penye joto la nyuzi 20 na takriban mita 353 penye nyuzi 36. Tofauti hiyo, kwa umbali wa mita tatu, ni robo ya milisekunde, nayo haijasikiwa na mtu wala ngamia, lakini nadharia ilikuwa imeandikwa vizuri sana.

Besi ndiyo kiini cha kilio cha mabati. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita nane na nusu, kupita sebule nyingi, hivyo hugonga kuta, hurudi, hujirundika konani na kujifuta kwingineko. Ndiyo maana wufa iliyosukumwa konani huvuma kupita kiasi, na bati lenye misumari iliyolegea huiitikia. (Methali ya debe tupu, ambayo mahasidi wa Mshauri huitaja mara kwa mara bila sababu inayoeleweka, haihusiki hapa.) Mafundi hufanya kinyume: wufa huwekwa kwenye kiti cha msikilizaji, muziki hupigwa, kisha mwenye nyumba hutambaa kwa mikono na magoti kandokando ya kuta hadi apate mahali ambapo besi haivumi wala haififii, na hapo ndipo wufa huhamishiwa. Zoezi hili lifanyike mlango ukiwa umefungwa na wakwe wakiwa safarini. Mshauri alipolifanya, jirani aliyechungulia alidhani pete imepotea, akaingia na kutambaa naye nusu saa, na kwa hadhi ya Mshauri haikuwezekana kumweleza kwamba hakuna pete. Pete ilipatikana, ingawa mwenyewe hajulikani hadi leo.

Mwangwi nao hupunguzwa na zulia, mito ya kuegemea na wageni wenyewe, ambao kwa hiyo wanahitajika na kukatazwa kwa wakati mmoja. Aqal, nyumba ya Wasomali wahamaji ijengwayo na wanawake kwa mikeka juu ya fito zilizopindwa, haina bati wala kuta mbili zinazotazamana, na kwa sikio la Mshauri, lile zuri, ni studio bora kuliko sebule ya muulizaji.

Nafasi imekwisha. Simu yenye programu ya kupimia sauti iwekwe kitini, mlio wa majaribio upigwe spika moja moja, zote zilinganishwe kwenye desibeli 75, ya katikati, ibebayo mazungumzo, iongezwe mbili, na wufa ipunguzwe hadi misumari inyamaze. Filamu za Kihindi zilizotafsiriwa kwa Kisomali mara nyingi zina njia mbili tu za sauti, hivyo spika za nyuma zikinyamaza hapo si wagonjwa. Swali la Modogashe kuhusu jokofu lisilopoa litajibiwa toleo lijalo, kwani jibu lake ni neno moja, na Mshauri bado hajapata wasaa wa kulirefusha.