Mweka Hazina Alikataa Kupimwa Kilo

Nilipowaambia wenzangu wa chama kwamba safari hii tununue ndege, mwenyekiti aliuliza kama ni wa kienyeji au wa gredi. Sikumlaumu. Tunakutana Umoja kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kwenye sebule ambayo dirisha lake linatazama banda la kuku la jirani, na ajenda yetu kubwa siku zote imekuwa viti vya plastiki na hema za kukodisha. Ikabidi nifafanue: ndege ya kuruka na watu ndani. Injini moja, viti vinne, Cessna 172. Mtumba.

Kimya kikaanguka. Kuku wa jirani ndiye aliyechangia hoja peke yake.

Nilikuwa na sababu zangu. Kazi yangu ni kutengeneza mashine za maabara, na mashine zinazoharibika sana ziko mbali sana: Marsabit, Lodwar, huko. Basi la Marsabit linakutoa Nairobi ukiwa binadamu na kukushusha ukiwa mzigo. Kwa Cessna ni saa mbili na ushei. Leseni ya rubani binafsi ninayo. Niliitafuta miaka mitatu, saa moja moja kadiri mshahara ulivyoruhusu, kwa kuwa sheria inadai saa zisizopungua 40 angani. Mama yangu hadi leo huwaambia watu wa kanisani kwamba mimi ni dereva.

"Tukijaza abiria wa Lodwar kila Ijumaa?" akauliza Mwalimu, ambaye ni katibu wetu na ana kichwa cha kibiashara.

Nikamwambia leseni yangu hairuhusu kubeba mtu kwa nauli. Akaandika jambo kwenye daftari lake, akalipigia mstari mara mbili.

Nikaona niwape moyo kwa historia. Nikawakumbusha kwamba sisi wa Eastlands si wageni wa ndege: kabla ya Embakasi kufunguliwa mwaka 1958, abiria wa Nairobi walikuwa wakishukia hapo Eastleigh, palipo leo kambi ya jeshi la anga. Nikawaeleza pia habari za Mama Florence Wilson, aliyeanzisha kampuni ya ndege mwaka 1929 akiwa na Gipsy Moth moja tu, ya injini moja vilevile, na leo uwanja mzima wa Wilson unaitwa kwa jina lake.

"Alikuwa na chama?" akauliza mwenyekiti.

"Hapana. Alikuwa na pesa zake."

"Basi usitulinganishe."

Hata hivyo Jumamosi iliyofuata tulikwenda Wilson sote wanne, na wa tano akiwa fundi wa magari kutoka Kariobangi. Ndiye mwenye Probox, na ndiye ambaye kila mtu wa mtaa wetu humbeba akienda kununua gari. Hakuna aliyewahi kuuziwa gari bovu mbele yake. Husikiliza injini kwa bisibisi ndefu, ncha moja kwenye chuma na nyingine sikioni, huku amefumba macho kama anayeomba.

Mwenye ndege alitupokea vizuri. Akapapasa bawa, akasema, "Hii ilikuwa ya daktari." Hapo nikaanza kuingiwa na shaka. Nchi hii kila gari la mtumba lilikuwa la daktari, au la mwanamke aliyeliendesha kwenda sokoni na kurudi. Nilidhani ugonjwa huo unaishia kwenye magari.

Ilikuwa imetengenezwa mwaka 1974. Gari la mtumba likizidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia Kenya; ndege hii ilikuwa imenizidi mimi umri, na nilijikuta nikitaka kuiamkia. Lakini ndege haihesabiwi miaka kama gari. Inahesabiwa saa. Mtengenezaji wa injini ya namna hii anapendekeza ifunguliwe yote na kufanywa upya kila baada ya saa 2,000, na gharama ya kazi hiyo inaweza kununua Probox mbili na chenji. Kwa hiyo ndege yenye rangi ya kung'aa na saa 1,950 ni deni lenye mabawa.

Mwenyekiti alipiga gurudumu teke, kama desturi inavyotaka. Fundi akatoa spana namba 10 ili afungue kifuniko cha injini. Haikushika. Akajaribu namba 12. Ndege ya Marekani boliti zake zinapimwa kwa inchi, na spana za Kariobangi zimesomea Japani. Fundi hakukata tamaa. Akaenda mbele, akaishika propela kwa mkono wa kulia ili aizungushe taratibu, asikie mgandamizo wa silinda.

Ukelele uliopigwa hapo sijawahi kuusikia hata Gikomba ikiungua. Ulitoka kwa mhandisi wa ndege tuliyekuwa tumemlipa atukagulie, mwenye leseni, ambaye alikuwa ndio kwanza anashuka garini.

"Achia! Injini hii haingojei betri ili ipige plagi. Ina magneto zake. Swichi ikiwa na hitilafu ndogo, ukiizungusha hivyo inawaka, na wewe uko hapo!"

Fundi aliutazama mkono wake wa kulia kwa muda, akauingiza mfukoni. Njia nzima ya kurudi Umoja aliendesha kwa mkono mmoja.

Mhandisi akapima mgandamizo kwa kifaa chake. Silinda tatu zilisoma zaidi ya 70 juu ya 80. Ya nne ikasoma 48. Fundi, bado mkono mfukoni, akasema gasketi na ringi hizo Grogan zipo, anajua duka lenyewe. Mhandisi akamjibu kwa upole kabisa kwamba kwenye ndege kipuri kisicho na karatasi zake hakifungwi, hata kama ni kizima kuliko kilichotoka.

Kisha akaomba madaftari. Mimi nilidhani logibuku ni ile ya kumpelekea mkopeshaji ukiwa umekwama. Ya ndege ni vitabu kamili: cha bodi, cha injini, cha propela, kila boliti iliyoguswa ikiwa na tarehe na sahihi. Cha injini kilikuwa kimeruka miaka mitatu. Mhandisi akarudisha kurasa nyuma, akazipeleka mbele.

"Hayo ni makaratasi tu," akasema mwenye ndege.

Mhandisi akafunga kitabu, akafunga na sanduku lake la vifaa. Hakusema neno, na sisi hatukuuliza bei ya mwisho.

Ndege ya pili tuliipata mwezi uliofuata. Silinda zote nzima, madaftari yamekamilika, mwenyewe hakudai kuwa daktari. Mhandisi akasema hana ubishi nayo, ila tumletee kilo zetu. Nikamwita yule kijana wa mzani wa steji, anayepima watu kwa shilingi kumi, aje kwenye mkutano.

Ndege hiyo ikiruka haitakiwi kuzidi kilo 1,043. Tupu ina kama 650. Ukijaza tangi umekula mia moja na tatu. Zinabaki 290 za watu na mizigo. Mwenyekiti alipanda mzani kwa heshima zote, koti likiwa mwilini: 118. Mwalimu 74. Mimi 83. Mwalimu akajumlisha, akatoa, akavua miwani.

"Zimebaki kilo kumi na tano."

Sote tukamgeukia mweka hazina.

Akaukumbatia mkoba wake. "Mkoba huu peke yake unazidi hizo," akasema, "na mzani huo sipandi."

"Si tumpakate?" akasema mwenyekiti, mtu aliyepanda matatu za Jogoo Road maisha yake yote na anayeamini hakuna chombo kisichoweza kuongeza mmoja. Nikaeleza kwamba haiwezekani, na mbaya zaidi tuko Nairobi. Wilson iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, injini inakohoa. Kati ya nguvu zake za farasi 150, kama 25 hubaki Mombasa. Kupunguza mafuta kunawezekana, lakini Marsabit haitasogea karibu kwa ajili yetu.

Mweka hazina alijitoa kwenye mradi siku hiyohiyo, na robo yake ya pesa. Kijana wa mzani akadai shilingi arobaini, kwa madai kwamba aliitwa kwa watu wanne.

Mwenye ndege ametupa hadi mwisho wa mwezi. Ukimjua mtu mwenye robo ya bei na uzito wa mtoto wa nasari, mwambie afike Umoja Jumapili ya kwanza. Pesa ya mzani tutatoa sisi.