Jiko Lililokwenda Upande

Asubuhi za Tunduma zina baridi ya kuuma vidole, na nilikuwa nimeapa kwamba mvua za Novemba hazitanikuta nikipikia kibarazani. Tofali za kuchoma tulikuwa nazo. Fundi akafunga kamba kuanzia katikati ya ukuta wa nyuma, akaweka msingi wa mawe, akapandisha kozi tatu.

Siku ya nne nikabeba meza yangu ya jikoni, nikaisukuma kwenye kona. Ubavu mmoja ukashika ukuta. Wa pili ukaacha pengo la kupitisha mkono mzima.

"Baba watoto, njoo uone. Jiko limekwenda upande!"

Fundi hakuwa mzembe. Alipimia uzio, na uzio umefuata barabara. Nyumba yetu haikuifuata. Baba mkwe aliijenga kabla viwanja havijapimwa.

Usiku, malori ya kwenda Nakonde yakinguruma kwenye foleni, binti yetu wa kidato cha nne akatandaza karatasi ya grafu mezani. Kona ya uzio akaiita sifuri. Ncha moja ya ukuta wa zamani ilikuwa mita 2 kwa 3, ya pili mita 10 kwa 5. Ukienda mita 8, unapanda 2. Mteremko ni robo.

"Sasa mama, tazama." Akaweka rula juu ya ule mstari, akaigeuza robo mzunguko, polepole. Nikaona kwa macho yangu: zile hatua nne za kwenda zimekuwa za kupanda, na ile moja ya kupanda imekuwa ya kurudi nyuma. Robo imegeuka hasi 4. Zizidishe, unapata hasi 1, na ndivyo ilivyo kwa mistari yoyote miwili iliyoinama inayokatana kwa pembemraba. Nilisoma hesabu hizi zamani nikazikariri. Hakuna aliyewahi kunigeuzia rula.

Kamba ilianzia mita 6 kwa 4. Akaandika: y − 4 = −4(x − 6), yaani y = −4x + 28. Weka x iwe 5, y inakuwa 8. Kigingi cha fundi kilikuwa 6 kwa 8. Mita moja nzima!

Asubuhi fundi akamsikiliza mtoto hadi mwisho, na kwa hilo namheshimu. Kisha akafunga kamba mpya kwenye mstari wa binti, akaleta hesabu yake: akapima mita 3 kwenye ukuta wa zamani, mita 4 kwenye kamba hiyo, akanikabidhi ncha ya futikamba nivute mshazari.

"Mama, inasema ngapi?"

"Tano kamili."

Tukaanza kubomoa kozi tatu. Binti akachuchumaa na panga kuukuu, akikwangua udongo kwenye tofali moja moja, maana zote tulizihitaji tena.