Viazi Havikai Nyumbani

Sijawahi kumwona mtu akisukuma kilo 300 za viazi kutoka Sake hadi Goma ili kupunga upepo. Naishi Mubambiro, kando ya barabara ya taifa namba 2, na kila anayeshuka kutoka Masisi kwenda mjini sharti apite mbele ya mlango wangu. Nimeona malori yaliyolala ubavu, mbuzi aliyepakatwa kwenye pikipiki, bwana harusi na suti yake ameketi juu ya magunia ya makala. Mtu wa matembezi bado. Atembelee nini? Mkono huu mawe meusi ya volkano, mkono ule kambi za askari, na vumbi la katikati halina ubaguzi.

Ndiyo maana mwaka 2020, corona ilipoingia na redio ikaanza kutuhimiza tusitoke ila kwa safari ya lazima, niliona wanaongea na watu wengine.

Tukumbushane kidogo. Tarehe 18 Machi Rais Tshisekedi alipiga marufuku mikusanyiko ya watu zaidi ya 20, akafunga shule, makanisa na mabaa. Siku sita baadaye akatangaza hali ya dharura, mipaka ikafungwa, Kinshasa ikatengwa na mikoa. Sisi wa Masisi hilo neno dharura lilitushangaza, maana hakuna aliyekuwa ametuarifu kwamba ile ya zamani imekwisha. Watu 20? Sokoni Sake watu 20 huwa wanagombania fungu moja la ndizi. Halafu likaja lile la kaa nyumbani. Mama mmoja jirani yangu, ambaye ameshakimbia vita kutoka milimani mara asizotaka kuzihesabu, aliuliza swali ambalo redio haikulijibu: nyumba ipi kati ya zile?

Mimi naamini mambo haya hutungwa na watu wenye friji. Sisemi ni watu wabaya. Lakini mwenye friji na mshahara wa mwisho wa mwezi anaweza kukaa kitako akazigawa safari zake mafungu mawili, za lazima huku, za hivi hivi kule. Kwetu chakula cha jioni hutafutwa asubuhi, na kabeji ikilazwa ndani siku chache inageuka kuwa ugonjwa mwingine. Safari za hivi hivi tungezipenda sana. Hatujapata nafasi.

Nchi za wenzetu, nasikia, baiskeli ndiyo iliyowaletea kizaazaa. Ufaransa, nchi ya Tour de France, raia alitakiwa kujiandikia karatasi ya kujiruhusu mwenyewe kutoka nje: anaijaza, anaitia sahihi, anaiweka mfukoni, anamwonyesha polisi akisimamishwa. Nilipolisikia hilo nilisema, afadhali, nao wameonja. Ukitaka kunyoosha viungo ulipewa saa moja kwa siku, usivuke kilomita 1 kutoka mlangoni kwako. Sasa je, kilomita hiyo yaruhusiwa kwa baiskeli? Kuna waliotozwa faini, kuna walioachwa wapite, mpaka baraza lao kuu la sheria, Conseil d'État, likaketi na kuamua tarehe 30 Aprili kwamba serikali itamke waziwazi kuwa baiskeli inaruhusiwa. Wazee wa sheria walijadili pedali.

Uingereza ndiyo ilinichekesha zaidi. Januari 2021 waziri mkuu Boris Johnson alionekana na baiskeli kwenye bustani ya Olimpiki, maili 7 kutoka nyumbani kwake, na nchi nzima ikabishana kama hapo ni karibu au ni mbali. Maili 7 ni kama kilomita 11. Hapo mtu wa chukudu, baiskeli yetu ya mbao, hata shati hajavua. Mwenye busara alikuwa Museveni wa Uganda, ambaye baada ya kuwakataza watu wake kukimbia mazoezi barabarani, alijirekodi ofisini kwake akipiga pushapu 30, miguu peku. Angalau hakwenda popote.

Lakini angalia: kote huko baiskeli ni mazoezi. Mtu anapanda ili atoke jasho. Huku jasho hatulitafuti, linatutafuta lenyewe, na juu ya baiskeli pasipo mzigo utaulizwa kama kuna msiba.

Kwa asiyeijua chukudu, ni mbao tupu, ndefu kama mita 2, na magurudumu yake nayo ni mbao yaliyovikwa mpira wa tairi kuukuu. Mwenyewe hupiga goti kwenye kandambili iliyopigiliwa misumari pale ubaoni, mguu wa pili ukasukuma ardhi. Breki ni kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma. Kwenye mteremko akikikanyaga, harufu ya mpira unaoungua inawafikia walio mbele kabla ya kelele zake, nao huruka mtaroni bila kugeuka. Goma wameijengea sanamu yenye rangi ya dhahabu katikati ya mji, heshima ambayo sijasikia friji ikipewa. Na kuhusu kuachiana umbali wa mita 1, hakuna aliyeitii amri hiyo kama mtu wa chukudu: akishapakia kuni zikachomoza pande zote, hata mkewe hamkaribii.

Mimi mwenyewe niko na baiskeli ya kawaida, ile nyeusi nzito ya Kichina. Keria yake imeunganishwa upya kwa nondo, na pale fundi aliposhindwa nimefunga kauchu. Nabeba kabeji. Na kabeji ndizo zilizonifikisha kwenye maswali ya falsafa.

Msinielewe vibaya, kunawa mikono hakukutusumbua. Kabla ya corona tulikuwa na Ebola, iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini Agosti 2018 na kuingia Goma Julai 2019, kwa hiyo mambo ya maji ya kloro na kuelekezewa termoflashi kwenye kipaji tulikuwa tumeshahitimu, cheti tu kilikosekana. Kipya kilikuwa mahojiano. Kwenye bariere moja, ambayo sitaitaja kwa sababu bado napita hapo, alinisimamisha bwana mmoja aliyevaa barakoa kidevuni.

“Papa, unaenda wapi?”

“Goma, chefu.”

“Hiyo safari iko ya lazima?”

“Ni kabeji, chefu.”

“Sijauliza kabeji. Nauliza safari.”

“Chefu, kabeji hazijui kutembea zenyewe.”

“Uko na karatasi?”

“Ya kabeji?”

“Ya lazima!”

Akanielekezea termoflashi. Nilikuwa nimetoka kukanyaga pedali juani na magunia nyuma, kichwa kinatoa mvuke. “Papa, uko na moto. Kaa kule kwenye kivuli, upoe, tutakupima tena.” Kwenye kivuli nikawakuta wenzangu wenye vichwa vya moto: watu wa chukudu, akina mama wa ndizi, mwalimu mmoja aliyekosa shule ya kufundisha akaamua kuuza mandazi. Tumebanana bega kwa bega chini ya mti mmoja, na kwa macho tu tulikuwa tumeshavuka 20. Mkusanyiko uliopigwa marufuku na rais ulikuwa unaandaliwa na wale wanaouzuia.

Mara bidoni ya kunawia ikaishiwa maji. Chefu akaitikisa, akaichungulia, akaangaza huku na huku. Macho yake yakatua kwenye keria yangu.

“Papa, shusha hizo kabeji. Tuletee maji.”

Kwa hiyo nikafunga bidoni zao nyuma nikaenda ziwani, nikarudi na maji yanamwagika kila jiwe, na njia nzima hakuna aliyeniuliza karatasi, wala aliyenipima kichwa, ambacho wakati huo kingeweza kuchemsha chai. Niliporudi gunia moja lilikuwa limepungua. Kabeji kadhaa zilikuwa zimeshasafiri, nadhani kwa lazima. Nikanawa kwa maji niliyoyaleta mwenyewe. Halafu nikaombwa pesa ya sabuni.

Nilitoa, kwani ningefanyaje? Franga 500, na kufumba na kufumbua safari yangu ikawa ya lazima bila karatasi yoyote. Wafaransa wangeokoa wino mwingi kama wangetuuliza.

Kinachonikera zaidi ni kwamba mwaka huohuo Goma ilikuwa inatuhitaji kuliko wakati wowote. Mpaka na Rwanda ulifungwa Machi, isipokuwa kwa malori ya mizigo. Ile Bariere Ndogo ambako maelfu ya watu walikuwa wakivuka kwa miguu kila siku na vikapu vyao vya nyanya ikanyamaza. Basi mji ukageuza shingo kututazama sisi wa upande wa Sake: viazi vya Masisi, maharage, jibini, makala ya kupikia hayo yote. Kila kilichofika mezani kilipita mlangoni kwangu juu ya kitu chenye magurudumu. Na pamoja na hayo nilikuwa na mteja, mtu wa ofisi, mwenye kalamu mbili mfukoni, aliyenifundisha kila juma kwamba sisi wa vijijini hatuna nidhamu, tunazurura tu, ndiyo maana ugonjwa hauishi. Alikuwa ananieleza hivyo huku akibonyezabonyeza kabeji, akitafuta iliyokaza. Ningekaa nyumbani angebonyeza nini?

Nyumbani nako neno lazima liliingia likajifanya mwenyeji. Mabaa yalipofungwa, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, haikufungwa; ilihamia nyuma ya nyumba za watu. Jioni moja navaa viatu, mama watoto akaniuliza bila kuinua macho kutoka kwenye sombe anayoitwanga, “Baba, hiyo safari iko ya lazima?” Nilimjibu kwamba naenda kumjulia hali rafiki. Akasema rafiki huyo alipita hapa mchana, hali yake ni nzuri. Hakuna bariere iliyowahi kunihoji vizuri namna ile, na hii ya nyumbani haipokei pesa ya sabuni.

Hali ya dharura iliondolewa Julai, tukapumua, kisha tarehe 18 Desemba ikaja kafyu, saa 3 usiku hadi saa 11 alfajiri, nchi nzima. Hiyo nayo ilitungwa na mtu anayeamka saa 2. Wa chukudu huondoka gizani ili wafike mjini kabla ya jua na kabla ya wenzao. Saa 11 mtu anataka awe ameshaliacha nyuma vumbi la Mugunga. Basi wakawa wanapanga foleni kando ya barabara na mizigo yao, wanasubiri saa igonge, halafu wote wanaondoka kwa mkupuo mmoja. Tour de France ya viazi kila alfajiri, na mimi nimelala mita chache kutoka kwenye mstari wa kuanzia.

Halafu volkano yetu, Nyiragongo, ikaamua kuwa na neno lake. Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, usiku, mlima ulipasuka. Watu walikufa, na hilo silifanyii mzaha. Wengine usiku uleule waliingia Gisenyi, upande wa Rwanda, wengine wakakimbilia kwetu, na saa za kafyu hakuna aliyezikumbuka. Siku kadhaa baadaye, Alhamisi tarehe 27, gavana wa kijeshi Constant Ndima akaamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamwe, watu waelekee Sake. Serikali ileile iliyokuwa imetuambia kaa nyumbani sasa inasema tokeni, haraka. Inakadiriwa watu kama 400,000 waliuacha mji. Barabara yangu ilijaa kutoka ukingo hadi ukingo, godoro juu ya kichwa, mtoto mgongoni, kuku kwapani. Mita 1 ilikwenda wapi sijui. Na chukudu ambazo zilikuwa zikishuka na viazi sasa zilipanda na kabati, mashine za kushonea, na bibi mmoja aliyeketishwa juu ya furushi, mwavuli mkononi, akimwelekeza kijana pa kupita.

Katikati ya msafara huo nikamwona mteja wangu. Kalamu zake bado ziko mfukoni, viatu kavitundika shingoni, na kichwani kabeba televisheni bapa imefungwa kwa shuka. Alipoiona baiskeli yangu imeegemea ukuta alifurahi kama aliyemkuta shemeji. “Papa, nisaidie unifikishe Sake.”

Nilimuuliza kama hiyo televisheni iko ya lazima.

Alinitazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake. “Papa, Jumamosi ni fainali! Chelsea na Manchester City!”

Hapo sikuwa na hoja. Tuliifunga kwenye keria, kioo kikaelekea upande wa godoro, nikamtoza bei ya magunia mawili ya kabeji na akailipa papo hapo. Jumamosi tuliitazama fainali hiyo uani kwa watu, kwa jenereta ya kuazima. Chelsea walishinda 1-0. Bao lenyewe la Havertz hatukuliona, mafuta yalituishia dakika ileile, na mwenye televisheni hadi leo ananidai nusu ya nauli.